Jemadari Hasemewi

Jumapili mchana nikishafunga saluni, tunasogeza viti vya kusukia, tunaweka meza katikati, tunacheza hadithi. Wapita njia wakiona kete wanadhani ni kamari. Kamari wapi! Kila mtu anajitungia mhusika wake, Mtambaji anasimulia yanayowakuta, na kete ndiyo inaamua kama umefaulu au umeumia. Mtambaji ni fundi saa wa duka la pili. Jina hilo tulimpa mezani.

Vita ilikuwa kuchagua aina ya hadithi. Mimi nataka upelelezi: maiti sebuleni, kila mtu mwongo. Fundi wa kuchomelea, pande la mtu linaloziba mlango, anataka mapenzi, na ukimcheka ananuna kweli kweli. Marehemu kaka yangu alikuwa mtu wa falme na mapanga. Mhusika wake, Jemadari, alipigana kwa mdomo zaidi kuliko kwa upanga. Wifi, mkewe, alikuja mezani kwa ajili yake tu.

Kaka alipoanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga, akafa, Mtambaji hakuwa na moyo wa kumuua na Jemadari. Akasema ametekwa, yumo gerezani kwa Malkia wa Majivu. Huruma ile ndiyo iliyotuponza. Tangu hapo wifi hataki hadithi nyingine. Upelelezi, hataki. Mapenzi, usimtajie. "Tumtoe kwanza," anasema. Mwaka mzima tunapanda milima ya majivu!

Sasa hospitali ya mji mwingine imemwita wifi akawe muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Kesho wanataka jibu, naye kaniambia uso mkavu, "Siondoki nikamwacha ndani." Jamani! Nilimpigia simu Mtambaji nikamfokea: leo gereza lifunguke, liwe liwalo.

Likafunguka. Mtambaji alipunguza walinzi mpaka akabaki mmoja, tena mwenye usingizi. Wifi akarusha kete, ikaja namba ndogo ya aibu. Mtambaji akakohoa.

"Mlinzi kajikwaa," akasema. Fundi wa kuchomelea akatazama dari.

"Nafungua mlango," wifi akasema. "Mume wangu, twende."

Hapo ndipo akili zilipoturudia. Meza yetu ina sheria moja isiyovunjwa, na aliyeiweka ni kaka mwenyewe: mhusika hasemewi. Mwenyewe asipokuwepo, mhusika wake ananyamaza. Tulikuwa tumepanga yote, tukasahau kwamba mlango ukifunguka hakuna wa kujibu.

Wifi alingoja, kidole bado kiko juu ya kete. Kisha akanigeukia. "Wewe una sauti yake. Msemee."

Nikajikaza, nikaitoa sauti kifuani. "Nenda, mke wangu. Mimi nabaki."

Akanitumbulia macho, halafu akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Mke wangu! Huyo si yeye. Siku zote aliniita bosi." Akajifuta uso kwa taulo la saluni. "Na asingekubali kubaki. Angebisha mpaka mlinzi mwenyewe achoke."

Kisha akamtazama Mtambaji. "Humo ndani hamna mtu, sivyo?"

Mtambaji akavua miwani. "Hamna, shemeji."

"Basi natoka. Nafunga mlango."

Si ndicho nilichokuwa nakitaka? Si ndicho nilichompigia mtu wa watu simu nikamfokea? Lakini mkono wangu ulikuwa umeshazifunika kete zote, na mdomo ukasema wenyewe, "Wifi, usifunge. Subiri kidogo."

Hakuniuliza kwa nini. Alinyanyuka, akazunguka meza, akaja kukaa ubavuni pangu, kwenye kiti cha kaka, kile ambacho mwaka mzima sikuruhusu hata mteja akikalie. Nilitaka kumwambia aondoke. Nililia mpaka bega lake likalowa.

"Haya, wifi," akasema. "Toa mkono. Mlango tutaufunga pamoja."