Mwanga Mfukoni

Tik. Kimya. Tik. Vali za mashine zilikuwa zikifunguka na kufungika, na Popo, fundi wa maabara aliyebandikwa jina hilo kwa kushinda kwenye chumba cha taa nyekundu, alikuwa akizihesabu kwa sikio. Herufi ya arobaini na moja. Zilibaki kumi na tisa.

Ndani ya mashine kulikuwa na kioo cha ukubwa wa ukucha, na juu yake nyuzi za vinasaba zilijengwa herufi moja moja. Kila uzi ulivaa kofia. Mwanga ulipopiga kimiminika, asidi ilizaliwa papo hapo, ikazivua kofia nyuzi za mahali hapo tu. Kisha herufi inayofuata ikapitishwa, ikashika penye vichwa wazi. Palipokuwa na giza hapakuguswa. Ndiyo maana simu zote ziliachwa kwenye kikapu mlangoni.

Leo simu yake ilikuwa mfukoni. Mpwa wake alikuwa amelazwa siku ya nane, na kioo hicho ndicho kingepima damu ya mtoto kesho, daktari ajue dawa ipi itamponya na ipi itamla ini.

Alipofunua kifuniko kutazama kiputo cha hewa, simu ikawaka. Dada yake. Mwanga mweupe ukapenya kitambaa cha koti, ukamwagika juu ya kioo. Aliufunika kwa kiganja, lakini tik, herufi ilishapita.

Alasiri mashine ikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Popo, leo umenipa raha," alisema mkuu wa maabara, akichungulia mlangoni. "Wenzako huniletea visingizio tu. Lete nikitie muhuri."

Angeweza kunyamaza. Kioo kingetoa jibu, na nani angelitilia shaka?

"Kimeharibika, mama. Nyuzi zimeshika herufi ambayo haikualikwa. Niliingia na simu."

Mkuu hakufoka; afadhali angefoka. Akachora msalaba mwekundu juu ya kisanduku. "Vioo vimekwisha. Vingine ni baada ya wiki mbili. Mwambie dada yako mwenyewe. Mimi mdomo huo sina."

Popo akatoka hadi koridoni, akampigia.

"Kaka, mbona hukupokea? Mpwa wako anauliza kama mjomba Popo hulala kichwa chini." Dada akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Kesho, siyo?"

"Siyo kesho, dada. Nimekiharibu mimi. Wiki mbili."

Upande wa pili gurudumu la kitanda likalia, likapita.

"Mpe daktari jibu lolote basi. Mtoto amekuwa njano hadi machoni."

"Hilo lolote ndilo litakalommaliza."

"Na asipozifikisha hizo wiki mbili?"

Popo akaegemea ukuta. "Nakuja sasa hivi, nikae naye, na wewe unitukane utakavyo. Lakini jibu la uongo halitatoka mkononi mwangu, dada. Nakuahidi, hata ukinichukia."