Kiti cha Kulala cha Mama

Jana mchana nilisinzia kwenye kochi, simu kifuani, nikaota nimepanga foleni ya tiketi za ndege sebuleni kwangu hapa Tanga. Hilo halikunishangaza. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa wa mwisho, na nyumba ni yangu.

Niseme kwanza shida yangu ili tuelewane. Mimi ni fundi wa mashine za eksirei. Miaka tisa nimeruka Lilongwe, Kigali, Lusaka, siti za nyuma kabisa karibu na choo, nikikusanya pointi za safari, zile shirika la ndege humpa abiria baadaye azigeuze tiketi. Sikugusa hata moja. Sasa mama anatakiwa India kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari amesema hawezi kukaa kitako njia nzima. Ama alale, ama asiende. Kiti cha kulala kiko daraja la biashara. Pointi zinatosha. Zinazonishinda ni tozo wanazodai juu ya hizo pointi, na kwa siku tatu nilikuwa nabofya simu mpaka kidole kikaota sugu.

Haya. Foleni inasogea. Kabati la vyombo linafunguka, pointi zangu zinatoka. Ni ndogo kama punje za mtama, na kila moja ina begi lake mgongoni.

"Shikamoo baba," zinasema kwa pamoja. Ni elfu sabini na mbili, kwa hiyo kelele ilitosha.

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi?"

"Tunakufa Ijumaa," inasema moja ya mbele, ya safari ya Lilongwe. "Muda wetu unaishia siku hiyo. Tumeona tusife bure. Bibi yuko wapi?"

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa buibui lake la safari, chupa ya chai mapajani. Lakini juu ya sanduku lake kakaa bwana mmoja mnene, anakula karanga. Nikamwambia ashuke.

"Siwezi, kaka. Mimi ndiye Tozo ya Mafuta. Abiria akienda, naenda naye."

"Una uzito gani?"

"Nazidi tiketi yenyewe."

"Huoni hata haya?"

"Naona sana tu. Ila ndiyo kazi niliyopewa, na watoto wanataka kula." Akanigawia karanga. Wallahi nikamwonea huruma. Akainama sikioni kwangu. "Safari ianzie Lushoto. Kule mimi siendi, baridi inanisumbua kifua."

"Lushoto hakuna uwanja wa ndege!"

"Nani kakudanganya?"

Nikafungua mlango wa jikoni nimletee maji, kumbe nimetokea Lushoto. Ndege imeegeshwa katikati ya shamba la kabichi. Pointi zinamsukuma mama kupanda mlima, zinahema, zinapeana zamu. Yule bwana kabaki bondeni, anatupungia leso. Tozo ya Lushoto ni kitoto kichanga kilichovishwa sweta. Nilikitia mfukoni mwa shati na sikuhisi uzito wowote. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Mlangoni mwa ndege hakuna mhudumu. Kuna kiti chenyewe cha kulala, kimesimama kwa miguu yake, kimejifunga shuka jeupe, kina sauti ya shangazi anayepokea wageni wa harusi.

"Karibuni, karibuni. Abiria ni nani?"

"Mama yangu."

Kikasoma karatasi. "Ndivyo ulivyojaza. Jina la abiria: Mama. Ngoja nimwite basi. Mama!"

Wanawake wote waliokuwa wakipalilia kabichi wakainua vichwa. "Abee!" Wakatua majembe, wakaanza kupanga foleni wapande.

"Unaona mambo yako?" kikasema kiti. "Mimi nina mgongo mmoja tu. Namlaza yule aliyetajwa jina na mwenye pointi, kwa sauti, nikasikia."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mtu hamtaji mama yake mzazi kwa jina. Marehemu baba mwenyewe alimwita Mama Hemedi hadi anakata roho. Shuleni, mwalimu alipotaka jina la mama, niliandika kiganjani nikamwonyesha. Hata kwenye fomu ya tiketi, simuni, kidole kilifika penye jina kikaandika Mama, nami nikaona sawa kabisa.

"Ni bi mkubwa wangu," nikajaribu.

"Jina."

"Mjane wa mzee Kombo."

"Jina, mwanangu. Rubani anawasha injini."

Nikageuka, nikaiona Ijumaa inapanda mlima taratibu, imevaa kanzu nyeupe, imeshika tasbihi. Pointi za nyuma zimeanza kuzimika mojamoja. Ile ya Lilongwe inanivuta suruali. "Baba, jamani, fanya haraka!"

"Hemedi," mama akasema, "niite tu."

"Siwezi, mama. Nitakuvunjia heshima."

"Adabu yako nimeiona miaka arobaini, nimeridhika nayo. Sasa nyonga inaniuma, baba. Inaniuma sana."

Hajawahi kuniambia hivyo. Kila siku nikimuuliza hali, hajambo, anamshukuru Mungu. Nilijisikia vibaya, nilitamani ardhi inimeze. Machozi yakanitoka mbele ya wanawake wote wale, nikafumba macho, nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Mwatumu! Mwatumu binti Shehe!"

Kiti kikajilaza chali. Mama akajinyoosha juu yake, na ule mguu mbaya nao ukanyooka, akashusha pumzi ndefu. Pointi zikapiga vigelegele, zote, halafu zikawa zimekwisha.

Nikaamka. Kochi lile lile, umeme umekatika, feni haizunguki, shati limelowa jasho. Simu ikalia palepale kifuani. Ni mama, anapiga kutoka Muheza, anakokaa kwa dada yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hemedi, umeniita?"

"Lini, mama?"

"Sasa hivi. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia naitwa. Nimeitika abee kwa nguvu mpaka dada yako kaja mbio anadhani nimeanguka."

"Umeitwaje?"

"Si unajua mwenyewe ulivyoniita."

Nilisikia ungo unawekwa chini, na mama anajisogeza kidogokidogo, akiukwepa ule upande wa nyonga mbovu.

"Sikukasirika," akasema. "Jina langu liandike hivyo hivyo kwenye tiketi, baba, twende."