Nipigieni Kelele

Mlango wa wodi ulifunguliwa, fundi cherehani akageuza shingo. Ncha ya mpira wa kupitishia maji aliyoishika ikagusa shati lake, na muuguzi akaweka kalamu chini.

"Hapo umeshamuua," muuguzi alisema bila kupaza sauti. "Vijidudu vimeingia tumboni."

Tumbo lenyewe lilikuwa la plastiki, limefungwa kwenye mto kwa ajili ya mazoezi. Lakini fundi alilitazama akaona la mke wake. Mkewe alikuwa amelazwa hapo hapo wodini, figo zimegoma, mikono inamtetemeka hata kikombe hawezi kukishika vizuri. Asingeruhusiwa kurudi nyumbani mpaka mumewe ajue kumbadilishia maji: kuyatoa machafu tumboni kwa mpira, kisha kuingiza masafi kutoka kwenye mfuko. Kila siku, bila kukosea.

"Rudi Ijumaa," muuguzi akasema. "Na safari hii ujifunze kweli kweli."

Ajifunzie wapi sasa? Chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa karakana, na wateja waliingia bila hodi kuulizia nguo ambazo yeye, kama mafundi wote duniani, aliapa zimebaki vifungo tu. Simu ikinyamaza, watoto wanagombania rimoti. Mama mkwe, aliyehamia kusaidia, kila alichokitafuta alimuuliza mkwewe kilipo. Na dada yake fundi, ambaye ukoo mzima unamwita Redio, hakuumbwa na kitufe cha kuzimia.

Akajifungia stoo, katikati ya majora ya vitambaa. Nawa mikono. Vaa barakoa. Funga dirisha, zima feni. Pasha mfuko, pima joto. Toa kizibo, usiguse ncha. Alirudiarudia mpaka hatua zote zikamkaa kichwani, akawa anaziona hata akifumba macho. Kisha akatoka, mtoto mmoja akaita "Baba," na zote zikamtoka kama hakuwahi kuzisikia. Alirudi stoo akakaa juu ya jora, anaitazama mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa imemlisha maisha yake yote, na sasa alikuwa akiiogopa.

Jioni aliwakusanya wote sebuleni. Alitandika kitambaa safi mezani, akaweka mpira wa mazoezi na mfuko aliojaza maji ya bombani.

"Nataka mnipigie kelele," alisema.

Mama mkwe alimtazama usoni. "Mkwe wangu, umekula lakini?"

"Nimekula, Mama. Stoo hakuna kelele, ndiyo maana hatua zote nazijua. Hapa kila kitu kinanitoka. Nisaidieni nizoee."

Watoto hawakungoja kuombwa mara ya pili. Waligonga masufuria, wakamwita, wakalia machozi ya uongo. Redio ndiye aliyepata sikukuu yake. Alimwambia cherehani imeibiwa, akamwambia mwenye nyumba yuko mlangoni, akamwambia suruali aliyovaa imechanika nyuma. Kwa suruali fundi aligeuka, wakaangua kicheko, akaanza upya. Kila hatua aliitamka kwa sauti ili isimponyoke: "Nimenawa. Nimefunga dirisha." Akifika kwenye mfuko, anaupapasa, anasema "Joto sawa," anaendelea. Kufikia Alhamisi sauti zao zilikuwa zimeyeyuka zote, zimebaki ngoma za mbali.

Ijumaa muuguzi aliangusha sinia la chuma nyuma yake makusudi. Fundi hakupepesa jicho.

"Mchukue mkeo," muuguzi akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, mke alilala chali, amefunua tumbo, mpira wake umechomoza pembeni mwa kitovu. Fundi aliweka mfuko kwenye kipashio, akaenda kunawa. Akanawa tena, kwa hofu tu. Akakumbuka amegusa kitasa, akanawa tena. Aliporudi, nje Redio alikuwa akizozana na mteja na simu ilikuwa ikilia, naye hakusikia hata kimoja. Aliupapasa mfuko. "Joto sawa," akasema, kama alivyosema wiki nzima kwa mfuko ambao haukuwahi kupashwa moto. Akaunganisha bila kugusa ncha, akayatoa maji machafu, akafungua masafi yaanze kuingia.

Kulikuwa na sauti nyingine, karibu sana, ikisema neno moja tu. Akaisukuma nje pamoja na zile nyingine.

Ndipo vidole vikamkamata kifundo cha mkono. Mke alikuwa ameukunja mpira kwa mkono wake mwingine, anaubana kwa nguvu zake zote zilizobaki, na machozi yanamtiririka mpaka masikioni.

"Nakuita, Baba Watoto," alisema. "Nakuita, husikii. Yanachoma."

Fundi alifunga koki, akaushika mfuko kwa kiganja kizima. Ulikuwa wa moto kweli. Akaikimbilia simu, akampigia muuguzi.

Muuguzi, kwenye simu, aliuliza yameingia kiasi gani. "Kidogo," fundi alijibu. "Ameyazuia yeye." Wakaambiwa wayatoe, waende hospitali haraka. Walipofika mke akapimwa, ikaonekana hakuungua, wakarudishwa nyumbani na mifuko mipya.

Kesho yake mke alilala tena pale pale. Fundi alipima joto la mfuko mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akabaki amesimama na mpira mkononi.

"Zungumza," akamwambia.

"Nizungumze nini?"

"Chochote, Mama Watoto. Nisimulie hata hao wagonjwa wa wodini. Lakini usininyamazie."

Mke akaanza kumsimulia, naye akaitikia kila neno, anafanya kazi polepole, jasho linamtoka chini ya barakoa. Mke akinyamaza kidogo tu ameze mate, mikono ya fundi inaganda hewani mpaka amsikie tena.