Mshipa Uliolalia Mfereji

Msusi alipoanza kutapika kila asubuhi, mama mkwe wake hakuificha furaha.

"Hongera, mwanangu. Niletee wa kike."

"Mama, si mimba. Kichwa kinanipasuka."

"Sote tulisema hivyohivyo!"

Msusi akaenda saluni. Siku hiyo kila unywele aliuona miwili. Njia aliyoigawa utosini mwa mteja ikaenda upogo.

"Shoga, leo unanisuka au unanichorea ramani?" mteja alicheka akijitazama kiooni.

Kikasikika kishindo. Msusi alikuwa chini, kitana bado mkononi.

Hospitalini, daktari alimwonyesha mama mkwe picha ya kichwa.

"Ubongo una maji yake, na maji yana mfereji wa kupitia. Mgonjwa amezaliwa na mshipa wa damu uliokaa vibaya. Umeulalia mfereji. Maji yamejaa, yanaubana ubongo."

"Ukateni basi huo mshipa!"

"Tukiukata, tutamuua. Tutayatobolea maji njia nyingine. Lakini ni sasa hivi, mama. Mumewe yuko wapi?"

Mumewe alikuwa njiani na lori, simu haipatikani. Mama alipiga tena, akapiga tena. Nikikubali akafa, nitamwambia nini mwanangu? Nisipokubali akafa, je?

Akainama kitandani. "Mwanangu, unanisikia?"

Jicho moja lilifumbuka kwa shida. "Mama… wasininyoe zote."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. "Mpelekeni," alimwambia daktari. "Nimekubali mimi."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Pale kwenye benchi, ile hongera yake ilimchoma. Mtoto wa watu alilia kichwa, yeye akamdai mjukuu! Kila mlango ulipolia alisimama, na kila mara alikuwa mfagizi tu, au muuguzi aliyepita bila kumtazama. Mara ya mwisho hakusimama tena, na safari hiyo alikuwa daktari.

"Maji yanapita, mama."

Alipoingia, msusi alikuwa macho, kichwa kimefungwa bendeji.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Nisamehe. Ulisema, sikukusikiliza."

Msusi akamshika mkono, asiuachie hata usingizi ulipomchukua. Mshipa ulibaki palepale, na kila baada ya miezi kadhaa msusi hurudi kupimwa. Huenda na mama mkwe wake, ambaye siku hizi, mkwewe akisema tu "kichwa", huwa ameshavaa viatu.