Mwalimu Filemoni na Nesi Hulda Washuka Roma

Mwanzoni mwa mwaka 1958 Mwalimu Filemoni Mgaya wa Njombe alipata barua ya kumwita London kwenye kozi ya walimu ya miezi mitatu. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mzee wa kanisa, mtu wa ratiba, na hakupenda kulala mahali asipojulikana. Aliyepangiwa kusafiri naye alikuwa Hulda Sanga, nesi kijana kutoka Bulongwa aliyekuwa anakwenda huko huko kusomea ukunga. Walikuwa hawajaonana kamwe.

Walikutana Makambako mwezi Machi, pale njia panda, wakisubiri basi la relwe, la shirika la reli, la kwenda Iringa. Mvua ilikuwa imekatika lakini upepo ulikuwa unapenya mpaka mifupani. Filemoni alikuwa amevaa viatu vipya alivyonunua asubuhi ile katika duka la Mhindi, na vilikuwa vimeshaanza kumbana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye nesi?"

"Ndiye mimi."

"Basi tusikilizane mapema. Huko tuendako hatuzururi. Tunakaa pale tutakapowekwa mpaka tuitwe."

Hulda akaitikia kwa heshima. Alikuwa ameshaamua kutobishana na mzee kabla ya Iringa.

Basi likawafikisha kwenye treni, treni ikawafikisha Dar es Salaam, na baada ya hapo wakapanda ndege, ambamo Filemoni hakufungua macho ila wakati wa kula. Siku ya Jumamosi, saa moja asubuhi, ndege ikatua Roma. Ilikuwa iwe saa moja tu ya kujaza mafuta. Lakini abiria walipokwisha kunywa kahawa, akaja karani wa uwanja wa ndege, mwanamke mrefu aliyevaa miwani, akatangaza kwa Kiingereza kwamba injini moja ina hitilafu na wataondoka saa kumi na mbili jioni. Anayetaka kuona mji, atapewa kibali. Basi la uwanja lingetoka saa tatu na kuwarudisha saa kumi.

Filemoni akachagua benchi, akaweka begi katikati ya miguu, akafungua Biblia. Hulda akakaa kando yake. Alihesabu vigae vya sakafuni, akatazama saa ya ukutani, akahesabu tena.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "watoto wa shule watakuuliza Roma ikoje. Utawaambia ina mabenchi?"

"Watajua nilikuwa mtu wa utaratibu."

"Mtume Paulo alitamani Roma miaka mingi, akafika akiwa amefungwa minyororo. Sisi tumefika na kibali."

Filemoni akafunga kitabu. "Saa kumi kamili tuwe kwenye basi," akasema. "Si saa kumi na dakika moja."

Basi likawashusha katikati ya mji, kwenye uwanja mpana wenye chemchemi. Walitembea. Waliingia makanisa mawili, na katika la pili Filemoni alivua kofia akasimama chini ya dari muda mrefu hadi shingo ikamuuma. Walikula mkate wenye jibini wakiwa wamesimama, jambo ambalo Filemoni kwao Njombe asingelifanya hata kwa fimbo. Watu waliwatazama, nao wakawatazama watu.

Kilichomshangaza Filemoni zaidi hakikuwa majengo. Karibu kila mwanamke aliyepita alikuwa na kitawi cha maua ya manjano, madogo, ya duara kama vifaranga. Wengine wamekibandika kifuani, wengine wamekishika mkononi.

"Hulda, hebu tazama. Haya si maua ya miwati?"

Hulda akacheka. "Miwati kabisa! Au ndugu yake."

Filemoni alikuwa na shamba la miti ya miwati nyuma ya nyumba. Aliipanda miaka saba nyuma, kampuni moja ya Wazungu ilipoanza kuipanda vilimani na kuwahimiza wenyeji nao wapande, kwa sababu magome yake yananunuliwa Ulaya. Majirani zake bado walikuwa wanamuuliza ataipika na nini.

Alipokuwa ameinua shingo kumtazama mwanamke mwenye shada zima, kisigino cha kiatu cha kulia kikanasa kati ya mawe ya barabara, kikang'oka. Filemoni akasimama kwa mguu mmoja katikati ya Roma, ameshikilia bega la nesi.

Hatua chache mbele palikuwa na fundi viatu, mzee kipara aliyeketi mlangoni na misumari mdomoni. Mkewe alikuwa ndani anashona vitambaa. Hakukuwa na lugha ya kuwaunganisha, lakini kisigino kilijieleza chenyewe. Fundi akatema misumari, akamkalisha Filemoni, akavua viatu vyote viwili bila kuomba ruhusa. Alipoona malengelenge, akamwita mke, na mke akaleta beseni la maji ya moto.

"Kamwene, mama," Filemoni akasema kwa Kibena, kwa kuwa ndiyo salamu iliyomjia kwanza.

"Kamwene," mama akajibu, bila kujua, akicheka.

Hulda akamkanda mwalimu miguu na kumfunga vitambaa. Fundi, alipokwisha kugongea kisigino na kutanua viatu kwenye kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, alichukua kipande cha ngozi nene ya soli, akamwonyesha. Kisha akaonyesha kitawi cha maua ya manjano kilichokuwa kwenye glasi dirishani. "Mimosa," akasema. Akaonyesha ngozi tena. "Mimosa. Afrika!"

Filemoni hakuelewa. Fundi akamsogezea ngozi puani.

Hapo akaelewa. Ilikuwa ni harufu ya gome la miwati linapobanduliwa asubuhi, mti ukiwa bado na umande. Aliivuta mara ya pili, na ya tatu. "Hulda, nusa. Nusa! Magome ndiyo dawa ya kusindikia ngozi. Yanakuja mpaka hapa, yanakanyagwa na Warumi!" Akamshika fundi mkono kwa mikono miwili, akautikisa hadi nyundo ikaanguka.

Mama akakata kitawi, akakibandika kwenye koti la Hulda. Filemoni naye akaomba chake, akakichomeka kwenye kofia.

Viatu vilikuwa vimepanuka, vikavalika vizuri. Njia nzima ya kurudi wanawake walimtabasamia Filemoni. Wawili walimpigia makofi. Mmoja mnene, aliyekuwa amebeba kapu la mboga, alimbusu shavuni, naye akabaki ameduwaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Wakarimu mno hawa," akasema ndani ya basi. Ilikuwa saa kumi kasoro tano.

Uwanjani karani mwenye miwani alitazama kofia yake, akauma mdomo asicheke. Hulda akauliza kuna nini.

"Leo ni sikukuu ya wanawake," karani akasema. "Mwanamke ndiye hupewa hayo maua. Mwanamume anayeyavaa, sijawahi kumwona."

Hulda alicheka mpaka akakaa chini. Filemoni alishika ukingo wa kofia kana kwamba atakitoa kitawi, kisha akakiacha. "Nina mke na mabinti watano," akamwambia karani. "Nimewavalia."

Saa kumi na mbili ndege ikaondoka, na safari hii alikaa dirishani, macho wazi.

Mwezi Juni alirudi Njombe, Hulda akabaki na masomo yake. Walimu wenzake walimkusanyikia awaeleze mambo ya kozi. Alieleza kwa dakika kumi. Kisha akaanza Roma, na chai ikapoa vikombeni. Mchungaji Ezekia wa kanisani kwake, aliyekuja naye kusikiliza, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Kozi ilikuwa London au Roma?"

"London nilipelekwa," Filemoni akajibu. "Roma nilikwenda."

Akavuta kiti karibu, akaendelea na habari za yule mama mwenye kapu la mboga.