Vidole Vitatu vya Chini

Mume wangu ni fundi viatu. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia umelala tu mapajani, vidole havina nguvu wala havihisi kitu. Dada wa mazoezi kliniki alitueleza wazi: tuombe hisia irudi kwanza, maana ikirudi hiyo, kushika nyundo tena si ndoto. Akampa mpira wa kuminya. Bwana huyu akaurusha uvunguni, eti yeye si mtoto.

Nikachoka kubembeleza. Nikaitoa kabatini filimbi yake ya matundu sita, ile aliyokuwa akinipulizia enzi za uchumba, nikamwambia kama hataki mpira basi anifundishe hii. Akanuna weee, lakini akasogea.

Basi yeye anapuliza, na mkono wa kushoto unaziba matundu matatu ya juu. Mimi nakaa ubavuni kwake, navipanga vidole vyake vya kulia kwenye matundu matatu ya chini, kisha naweka vyangu juu yake na kubonyeza. Tukiziba yote inatoka sauti nzito. Nikikiinua kidole cha mwisho, inapanda kidogo.

"Ziba kwa nyama ya kidole, siyo ncha," ananikaripia. "Hewa inavuja."

"Vidole ni vyako, mzee. Mimi nakuazima nguvu tu."

Jana nilikuwa nashona pindo la gauni kwa mkono, akaniita. Eti anaitaka ile sauti nzito, tena sasa hivi. Nikaenda nilivyo, nikakaa, nikabonyeza. Sauti ikatoka safi, mara ikakatika.

"Wewe naye," akasema. "Vua hiyo kastabini, unaniumiza."

Nikatazama kidole changu cha kati. Kweli, kile kikofia cha chuma cha kukingia sindano kilikuwa bado kimo. Hasira zikanipanda, maana kila siku mkosaji ni mimi. Nikafungua mdomo nimpashe, badala yake likatoka swali.

"Nakuumiza wapi?"

"Ni hapa, kwenye kidole cha..." Naye akakikodolea macho kidole chake.

Tukatazamana. Macho yake yakajaa machozi, na yangu pia, sioni aibu kusema.

"Si uivue basi," akasema taratibu.

Sikuivua. Nikabonyeza tena.

"Hapa?"

"Hapo hapo."