Jina Mwanzoni mwa Kanda

Guuleed alikuwa na kichwa cha ajabu. Utungo akiusikia mara mbili haumtoki tena. Mwenyewe hakuwahi kutunga hata mstari mmoja, wala hakuona haya kusema hivyo. Kazi yake ilikuwa kubeba maneno ya wengine, na kwa Wasomali mbebaji ana sharti moja tu: amtaje mwenye maneno kabla ya yote. Asipomtaja ni mwizi, na mwizi wa aina hiyo hata mke hapati.

Basi alasiri ile ya miraa, kwa Dalmar muuza chai pale Hargeisa, alikohoa akaanza kama ada: "Maneno haya si yangu. Ni ya mama yangu mdogo, Dahabo binti Cige, wa Burao. Sikuongeza, sikupunguza." Kisha akaghani kisa cha fisi aliyepewa kazi ya kulinda kisima, akawauzia ngamia maji yao wenyewe. Hakuna aliyeuliza fisi ni nani serikalini. Waliinamisha vichwa wakacheka.

Dahabo alikuwa ameutunga utungo huo kwa ajili ya harusi, kwa mwendo wa wanawake, mizani ambayo wanaume hawaitungi, na ulikaa salama midomoni mwa wanawake. Siku moja askari alimuuliza huyo fisi ni nani. Dahabo akamjibu ni mke mwenzake, akageuza mistari miwili palepale, na askari akaenda zake anacheka. Maneno ya mdomo yana mlango wa nyuma.

Siku mbili baadaye Guuleed alipita tena kwa Dalmar, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio ya kaseti dirishani. "...Dahabo binti Cige, wa Burao..."

"Njoo ujisikie, bwana!" Dalmar alipaza sauti. "Nilikurekodi, hata hukuona. Umekuwa nyota!"

"Zima, Dalmar. Zima haraka!"

"Nizime nini? Wateja wanaigombea. Kesho nawatolea nakala kumi."

"Jina limo humo, wewe! Jina lake na mji wake!"

"Ulitaka lisiwemo? Si ungeitwa mwizi?"

Dalmar hakuwa mtu mbaya, alikuwa mjinga tu, na wajinga siku zile walikuwa hatari kuliko askari. Mwaka uliopita mtunzi mmoja wa Burao alichukuliwa mchana kweupe, na mpaka leo mkewe hajui akae eda au aendelee kungoja.

Adhana ya alasiri ilipolia, Dalmar alikwenda msikitini, na Guuleed akajitolea kubaki na birika. Alirudisha kanda mwanzo, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi ili kimya kifunike maneno, akabana pumzi. Alitaka kufuta yote, lakini mashine ile hufuta kwa mwendo uleule wa kusema, na wenye sala walishaanza kuvaa viatu. Jina tu ndilo lililofutika.

Alhamisi askari walimfuata nyumbani. Dalmar alikuwa ameshafunga duka na kutoweka.

Kapteni aliyemhoji kituoni alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alitia kanda mashinini. Ikaanza kuvuma tupu. Guuleed alisikiliza mvumo ule huku jasho likimshuka mgongoni, akijiuliza kama nakala hii ilitolewa kabla au baada ya kufuta. Kisha fisi akaingia, bila jina la mtu yeyote. Nusura Guuleed acheke.

"Sauti ni yako," kapteni alisema.

"Ni yangu, mkubwa."

"Lakini hukumtaja mwenye maneno. Msomali gani anaghani bila kumtaja mtu? Ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Acha kunichezea! Huu ni mwendo wa kike. Mama yangu alikuwa akiuimba akisuka mikeka. Mama yako yu hai?"

"Alishafariki."

"Mungu amrehemu. Shangazi unao? Mama mdogo?"

Guuleed akasema lililomjia kwanza: "Niliutunga kwa mwendo wa kike makusudi, ili mkitafuta, mtafute mwanamke."

Kapteni alimtazama, akamtazama tena, kisha akacheka kwa dhati. "Mwanaharamu wewe! Una akili." Akachukua kanda mpya. "Haya, lisemee hili lidude. Jina lako, na kwamba maneno ni yako."

Hapo ndipo Guuleed alipoogopa hasa. Kofi angelivumilia. Aliuogopa ulimi wake. Miaka ishirini ulikuwa ukianza kwa namna moja, peke yake, kabla hata hajafikiri. Kitufe chekundu kilishabonyezwa. Alifungua kinywa, akalihisi jina la Dahabo limeshafika kwenye meno, akalimeza kama mtu anayemeza mfupa.

"Maneno haya," alisema, "ni yangu mimi, Guuleed Jaamac. Nimeyatunga mimi."

Kapteni alirudisha kanda na kuisikiliza. Ilisema vilevile. Guuleed aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, lakini moyo ulianza kutulia. Jela angekaa. Mama mdogo yuko nyumbani kwake, anapika mikate ya anjera.

"Safi," kapteni alisema akiandika jina lake juu ya karatasi ya kanda. "Fisi wako hatumtaki. Hiki kipande cha jina kesho kitarushwa na redio ya taifa pamoja na taarifa ya kosa lako. Watu wajue ni nani aliyetunga uchafu ule wa fisi na kisima."

"Redio?" Guuleed aliuliza. "Inafika mpaka Burao?"

"Inafika kila mahali."

Akilini alimwona Dahabo kati ya wanawake, redio katikati yao, akimsikia mtoto wa dada yake akijitwalia kisima chake na fisi wake mbele ya nchi nzima. Dahabo alimjibu askari bila kupepesa macho. Dahabo angekubali njaa, angekubali kufiwa, lakini kuibiwa utungo hangekubali. Angesimama. Angetoka mpaka barabarani akipiga kelele kwamba Guuleed ni mwizi, kwamba maneno yana mwenyewe, na mwenyewe ni huyu hapa.

"Mkubwa, nakuomba," Guuleed alisema, "msiitangaze. Nipigeni, nifungeni, lakini msiitangaze."

Kapteni aliacha kuandika. Aliinua macho taratibu.

"Kwani," aliuliza, "huko Burao akisikia, atakasirika nani?"